Vigutu

Januari, Gyumri. Bomba la maji limeganda tangu Jumanne,
na fungu la darasa la kazi za mikono, kasema mkuu wa shule,
limeganda tangu mwaka juzi.
Basi nalimwaga kopo mezani.

Vigutu vya kalamu za nta. Kimoja kina alama za meno
(ya Vrezh, alipokuwa darasa la pili; sasa ana ndevu, anauza matairi).
Kalamu za wino zilizolala bila vifuniko
mpaka ndimi zikakauka.
Brashi iliyokakamaa kwa gundi, mkia wa paka aliyenyeshewa.
Penseli fupi kuliko kidole,
fupi hata kichongeo hakipati pa kuzishika.

Kwingine, nasikia, buluu ndiyo huisha kwanza,
watoto wakimalizana na mbingu.
Hapa ni nyeusi. Nyumba zetu ni za jiwe jeusi
na mtoto wa hapa hajui ukuta wa rangi nyingine.
Nyeusi huisha kabla theluji haijashika,
halafu hudhurungi, halafu nyekundu ya paa na mashavu.
Nyeupe haiishi.
Kila mwaka narithi nyeupe nzima nzima,
karatasi zake bado zimefungwa kiunoni,
kama wageni waliokuja harusini
na hakuna aliyewainua kucheza.

"Menyeni," nasema, nao wanamenya
kwa kucha, kama viazi vya moto.
Astghik anazitenga rangi kwa ukoo:
kijani na shangazi zake, zambarau kwa wakwe.
Tunavipanga kwenye bati la keki la mama yangu,
ambalo halijaona keki tangu tumzike,
na juu ya jiko la kuni nta inakaidi,
inakaidi,
inalegea, inavuruga ukoo wote wa Astghik.
Darasa linanuka mshumaa na soksi mbichi.

Kalamu kavu tumezizamisha kwenye chupa za achari.
Usiku kucha zimetapika zilichobakiza:
si wino hasa,
ni maji yaliyowahi kuketi jirani na buluu.

Tsovinar, miaka saba, amechelewa; vigutu vimegawanywa.
Anachukua nyeupe.
Anachora juu ya karatasi nyeupe,
anakandamiza, ulimi nje, robo saa nzima.
"Umechora nini," Narek anacheka, "maziwa?"
Ningepaswa kusema neno. Sikusema,
na si kwa hekima yoyote:
nilikuwa napuliza vidole vyangu.

Akachovya brashi, ile ya paka,
akaburuza maji ya buluu toka pembe hadi pembe.
Nta ikayakataa maji.
Likajitokeza gurudumu, kisha la pili,
kisha basi zima, refu, lenye mzigo juu ya paa,
madirisha kumi na moja, niliyahesabu,
na kila dirisha kichwa
isipokuwa moja.
Basi lile la Krasnodar, kila mtu alilijua,
liondokalo Machi na baba zetu
likarudi Novemba na wale wanaorudi.

Narek alinyamaza. Jiko likapasua gogo.
"Na hapa penye wazi," nikauliza polepole,
nikijiandaa, "ni pa baba?"
"Hapana," akasema, akinishangaa.
"Baba ndiye huyu mwenye kofia.
Hapo ni pa dereva. Ameshuka kukojoa."

Hapo ndipo vita vilipozuka, kugombea nyeupe.
Zilivuliwa karatasi, zikakatwa mapande, zikafichwa mifukoni,
na chupa za achari zikakauka moja baada ya moja
zikiita barabara, ng'ombe, meno ya bibi,
kitu kimoja ambacho mwenyewe alikataa kutuambia.

Bati la mama lilitoa duara kumi na mbili.
Tisa nzuri. Tatu za rangi ya matope,
na hizo ndizo Astghik alizoomba.

Kufika Ijumaa nyeupe ilikuwa imekwisha,
mara ya kwanza katika miaka yangu kumi na tisa.
Kwenye daftari la mahitaji, ambalo hakuna alisomaye,
nikaandika, kwa penseli iliyonitoka mkononi mara mbili:
nyeupe.